Mkono wa Kushoto wa Wifi

Nilianza kumwonea wivu wifi yangu kwenye mkono wa kushoto. Sura yake haikunisumbua, maana sura nzuri nilishawahi kuwa nayo mwenyewe na sikuona imenifikisha wapi. Lakini mkono ule! Kwetu, watu wa vishamba vidogo vya chai upande wa Mponde, tulichuma kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishikilia tawi lisitoroke. Tulichuma huku tunaongea, tukifika mwisho wa mstari tunajinyoosha mgongo, tunasengenya kidogo, tunarudi. Yeye alichuma kwa mikono yote miwili kwa wakati mmoja, majani mawili na kichipukizi, huku na huku, akirusha juu ya bega bila kugeuka, na kila alichorusha kilitua kapuni. Hata hakuitazama mikono yake. Alikuwa anaangalia mbele, kichaka kinachofuata.

Siku ya kwanza mama alisimama juu ya shamba akamtazama mpaka akasahau jembe aliloshika. "Huyu mtoto ana mikono," akasema. Mimi nilikuwa mstari wa pili, na kapu langu halijafika hata nusu. Nikajiuliza, kwani mimi nimening'iniza nini mabegani, kamba?

Ilikuwa miaka ya ruksa, kama tulivyoiita wenyewe. Maduka ya Bumbuli, ambayo kwa muda mrefu yalikuwa na vumbi na viberiti tu, yalianza kujaa sabuni za rangi, khanga mpya na betri za redio. Mitumba ikapanda mlima mpaka kwenye gulio letu, ikamwagwa chini juu ya turubai, na wamama waliokuwa wakiheshimiana kanisani wakawa wanavutana sketi. Kila mwenye nguvu akawa mfanyabiashara. Kaka yangu aliacha jembe akaanza kufuatana na malori ya kabichi na karoti, leo Tanga, kesho Dar es Salaam, na katika kuzunguka huko ndipo akampata mke, Muheza, stendi, akiuza maandazi. Mwanamke huyo alikuwa amezaliwa katika kambi ya wafanyakazi wa shamba kubwa la chai huko Amani, juu ya Sigi. Baba yake alitoka Njombe akiwa kijana kuja kuchuma, akazalia hukohuko, na watoto wote wakajifunza kuchuma kabla ya kujifunza kusoma.

Mimi nilirudi nyumbani msimu uleule, lakini mimi sikuja na harusi. Nilitoka Mombo na sanduku la bati, nimeachika. Mume wangu alikuwa amepata mwanamke mwingine, mwenye sauti ndogo. Sisemi hivyo kwa dhihaka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba amechoka kuishi na mtu anayeita kuku utadhani anaita kijiji kizima, na kwamba yule mwingine akiongea inabidi umsogelee ndipo umsikie. Nadhani amesogelea sana.

Kwa hiyo tukawa wanawake watatu nyumbani: mama, mimi, na wifi. Baba alikuwa amefariki zamani. Kaka alikuwa wa kupita, akija na harufu ya dizeli na mikate ya mjini, akiondoka kabla shati lake halijakauka kwenye kamba.

Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya kanisani, ya shule, na ya mgeni kutoka ofisini. Mama aliomba kwa Kiswahili na kugomba kwa Kishambaa. Alipoingia wifi, ambaye Kishambaa chake kiliishia kwenye salamu ya asubuhi, "onga makeo", mama akaanza kuongea Kiswahili jikoni. Jikoni! Kiswahili chenyewe kilikuwa cha Biblia, kimenyooka kama ibada.

"Keti, mwanangu. Umechoka," alimwambia.

Mimi nilikuwa nimetoka kuteka maji kwenye chemchemi ya chini, ndoo bado iko kichwani. Sikuwahi kuambiwa nimechoka kwa lugha yoyote. Niliitua ile ndoo kwa kishindo ili wote wawili waelewe, na maji yakaruka yakazima upande mmoja wa jiko. Wifi akacheka kwa upole wake, akachochea kuni, akasema, "Pole, wifi." Hata hasira hakunipa, nikabaki nimesimama na yangu peke yangu.

Kisha kukawa na sweta. Wifi aliliokota kwenye mitumba, sweta jekundu la sufu lenye vifungo vya mbao, akalifua, akampa mama. Mama alilivaa kanisani, akalivaa kwenye kikao cha wanawake, akalivaa jua likiwaka. Nilipotoka Mombo na mimi nilikuwa nimemletea khanga. Aliipokea, akaikunja vizuri, akaiweka chini kabisa ya kasha. Siku moja nilipokuta lile sweta limeanikwa nililinusa, nikitumaini linanuka ule ukale wa mitumba. Lilinukia sabuni.

Hata karani wa kituo cha kukusanyia majani alituumiza, yaani aliniumiza mimi. Alikuwa mtu asiyesifu hata mvua ikinyesha kwa wakati wake. Alichota majani katika kapu la wifi, akayageuza, akasema, "Haya ndiyo majani." Akaja kwenye langu, akachambua, akatoa vijiti na majani magumu, akavitupa pembeni bila neno. Njiani wifi alitaka kunisaidia kubeba kapu tupu. Nikamwambia kapu tupu ninaliweza.

Nilijaribu kwa siri. Akishatangulia nyumbani nilibaki nyuma ya mstari wa mwisho, nikauambia mkono wangu wa kushoto nao ufanye kazi. Uling'oa tawi zima. Nikalisukumiza lile tawi chini ya kichaka kwa mguu, mama asilione.

Sasa, mtu anaweza kusema wivu huu ulikuwa wa kitoto, na mimi nilikuwa mtu mzima. Lakini kulikuwa na shamba. Shamba la chini, lenye chai, halikuwa la kaka. Mama aliipanda ile chai kwa mkono wake, na baba kabla hajafa alisema mbele ya mchungaji na majirani kwamba shamba la chini na nyumba ni vya mama yenu, atampa amtakaye. Magoti ya mama yalikuwa yameanza kumkataa. Kushuka aliweza, kupanda ikawa kazi ya kusimama kila baada ya ngazi moja ya matuta. Jioni moja tukipukuchua maharage akasema, kwa Kiswahili, ili sote tusikie:

"Mahindi yakishaingia ndani, nitasema shamba la chini litashikwa na nani."

Wifi aliendelea kupukuchua. Mimi maharage yalinidondoka. Yeye alikuwa na mume, na mume alikuwa na mashamba yake ya urithi, ya kabichi na ya mahindi. Mimi nilikuwa na kona ya chumba cha mama na sanduku la bati. Nikilikosa lile shamba, nitakuwa mgeni kwa mama yangu mpaka afe, na akishakufa nitakuwa mgeni kwa wifi. Nitakuwa shangazi anayepewa chakula. Niliwajua mashangazi wa namna hiyo, wanaoitikia hata wasipoitwa.

Nilimfuata mama chumbani. Nikamwambia kwa Kishambaa kwamba mimi ndiye niliyekuwa mgongoni mwake alipokuwa anachimba mashimo ya ile chai.

"Najua," akasema. "Ulilia tangu shimo la kwanza mpaka la mwisho. Wewe una mdomo, mwenzio ana mkono. Chai inachumwa na mdomo?"

Basi. Mdomo. Habari ya mdomo wangu ni ya zamani kuliko hiyo chai.

Juu ya nyumba yetu kuna jabali, na ng'ambo ya bonde kuna mlima mwingine wenye nyumba zake. Ukisimama jabalini unaona mwanamke wa ng'ambo anaanika mahindi, unaona moshi wake, unajua kabisa yule mbuzi aliyekata kamba ni wa nani. Lakini kumfikia ni kushuka mpaka mtoni na kupanda upya, na ukifika umesahau ulichotumwa. Ndiyo maana watu wa kwetu wanaitana. Bibi yangu, mzaa baba, aliyeolewa kutoka Vuga, makao ya machifu wa zamani, na ambaye hakuacha kutukumbusha kwamba ametoka Vuga, alikuwa mwitaji. Pumzi zilipomwishia akanichukua mimi. Sikuchaguliwa kwa sifa. Kaka alikuwa shule, na mimi nilikuwa karibu.

Alinivua viatu, siku nilipokuwa navyo, kwa sababu alisema aliyevaa viatu anaita na koo na asiyevaa anaita na tumbo. Sijui kama ni kweli. Akanifundisha kwamba haliitwi jina la mtu, inaitwa nyumba, kwa sababu jina la mtu likitupwa bondeni linaweza kuokotwa na asiyehusika. Kwa hiyo ilikuwa "Kaya ya mkuyuni!" au "Kaya ya juu ya kisima!" na ile sauti ya mwisho unaivuta mpaka pumzi ikaribie kukata. Halafu unanyamaza. Hapo ndipo watoto wote hukosea, alisema bibi. Unanyamaza mpaka sauti yako igonge mwamba wa ng'ambo na kukurudia. Ikisharudi, ndipo unatupa neno, moja tu: mgeni, lori, mbuzi, mgonjwa. Unanyamaza tena. Usipoacha nafasi maneno yanapandana njiani, na ng'ambo wanapata kelele. Na kelele mfululizo, kwetu sisi, ina maana moja tu: kima wameingia kwenye mahindi na mwenye shamba anawafukuza. Hakuna anayeacha kazi yake kwa ajili ya kima wa mwenzake.

Nimeita utoto wangu wote. Niliita lori la chai likionekana kwenye kona, niliwaita watu kwenye vipaimara, nikaita siku babu alipoaga. Ilikuwa kazi kama kuteka maji, na hakuna aliyenishukuru kwa kuteka maji. Kisha nikakua, na ile sauti ikawa aibu. Mwalimu wa kwaya ya vijana aliniweka nyuma, akanipeleka pembeni, mwisho akaniambia, "Wewe mwanangu, uimbe moyoni," kwa kuwa nilikuwa nawafunika wote. Mombo ni tambarare, hakuna wa kumwita ng'ambo, na huko ndiko nilikojifunza kumeza sauti kabla haijatoka. Niliimeza mpaka nikaachika, halafu nikaambiwa sikumeza vya kutosha.

Msimu ule wa baridi ukungu ulikuja mzito. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani, yanangoja kuvunwa, na mimi nilikuwa nayahesabu kwa jicho baya, kwa sababu yakiingia ndani mama angesema neno lake. Siku moja nilikataa kwenda kuchuma. Nilisema kichwa kinaniuma, nikachukua shoka nikaenda kupasua kuni nyuma ya nyumba, jambo ambalo mwenye kuumwa kichwa hafanyi, na hakuna aliyeniuliza. Mama na wifi walishuka shamba la chini. Kaka na wanaume wote wa upande wetu walikuwa ng'ambo, kaya ya mkuyuni, kumwezekea mtu bati, na nyundo zao zilisikika katikati ya ukungu ingawa mlima wenyewe hauonekani.

Alasiri nikasikia kelele kutoka chini. Ilikuwa sauti ya wifi, nyembamba, inakimbizana: njooni njooni jamani njooni. Nami, mwenyeji wa pale, nilidhani kima. Nikasema moyoni, haya, leo hiyo mikono miwili ifukuze kima. Nikaendelea na kuni zangu. Kutoka ng'ambo mwanaume mmoja akajibu kwa furaha, "Wapigeni mawe!" na wengine wakacheka, nyundo zikaendelea.

Kisha katika zile kelele nikachomoa neno moja, mama.

Sikumbuki nilishukaje. Nakumbuka shoka nimelishika bado nilipofika. Mama alikuwa ameteleza kwenye ukingo wa ngazi ya juu, udongo umelowa, akabingirika mpaka ngazi ya tatu, na mguu wake ulikuwa umekaa upande ambao mguu haukai. Uso ulikuwa wa rangi ya majivu, lile sweta jekundu limejaa tope. Na wifi, nikubali niseme, alikuwa ameshafanya ambalo mimi nisingelifanya. Ule ufito anaolaza juu ya chai asichume chini ya kiwango alikuwa ameuvunja vipande, akaupanga kando ya mguu, akaufunga kwa khanga yake mwenyewe, imara, fundo juu ya fundo. Alikuwa amebaki na gauni tu katika baridi ile.

"Nimeita, wifi," akaniambia. "Nimeita mpaka koo limekauka. Wananijibu nini? Kwa nini wanacheka?"

Sikuwa na muda wa kumweleza habari za kima. Tulijaribu kumwinua mama, akapiga ukelele uliotufanya tumlaze palepale. Wanawake wawili hatungeweza kumpandisha ngazi zile bila kumuua. Kukimbilia ng'ambo, kwa ukungu ule, ni kurudi giza limeingia, na mama alikuwa ameanza kutetemeka kwa namna ambayo sikuipenda. Wifi akanitazama. Nikajua anangoja nini.

Kuna mwamba mdogo mwisho wa shamba, unaoning'inia juu ya korongo. Nikapanda. Nikaita, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayeomba samahani. Iliishia palepale miguuni pangu. Miaka ya Mombo yote ilikuwa imenikaa kooni. Niliogopa, nasema kweli, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa, kwa sababu nilifikiri kile kitu nimekiua mwenyewe kwa kutaka kupendwa.

Nikavua kandambili. Mwamba ulikuwa baridi mpaka kwenye magoti. Nikashusha pumzi chini, tumboni, kule bibi alikokuwa akinigonga kwa kidole, nikaita: "Kayaaa ya mkuyuniii!" nikaivuta ile ya mwisho mpaka macho yakaona nyota.

Nikanyamaza.

"Ita tena!" wifi akapiga kelele kutoka chini. "Wifi, ita tena, usinyamaze!"

Nikamwinulia mkono atulie. Nyundo zilikuwa bado zinagonga. Alikuwa analia sasa, akiniambia mama anakufa na mimi nimesimama tu, na kweli nilikuwa nimesimama tu, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Sauti yangu ikagonga mwamba wa ng'ambo, ikarudi kwangu, nzima. Nikatupa neno: "Mgonjwaaa!"

Nyundo moja ikasimama. Halafu nyingine. Halafu zote, na bonde likawa kimya mpaka nikasikia mto. Kisha sauti ya mzee mmoja, ndefu, iliyojua desturi, ikavuka ukungu ikanifikia: wamesikia, wanakuja.

Niliendelea kuita kwa kituo, neno moja na kimya, ili wapate njia kwenye ukungu. Walipotokea korongoni, kaka mbele na wengine nyuma na miti ya machela mabegani, mmoja wao, mtu mzima mwenye mvi, alisimama akavua kofia. "Nilidhani ni bibi yako," akasema. Neno lake nililichukua, nikaliweka.

Mama akiwa kwenye machela alifumbua macho. "Umewaita au umewafokea?" akauliza.

Alirudi kutoka hospitali mguu umefungwa plasta ngumu na ulimi umepona kabisa. Mahindi yakavunwa, yakaingia ndani. Nilijua siku imefika alipoagiza kaka asiondoke na lori. Tulikaa sebuleni, mguu wa mama juu ya kigoda. Nilijipa moyo. Nilimwitia watu mimi, si mwingine, nilijisemea. Hata asipotaka atanipa.

"Shamba la chini," mama akasema, kwa kile Kiswahili chake cha ibada, "atalishika mke wa kaka yako."

Niliinuka. Sikuwa na mpango wa kwenda popote, miguu ndiyo iliyoinuka. Nilimtazama wifi, na kama angetabasamu nadhani leo ningekuwa nasimulia habari nyingine. Hakutabasamu. Alikuwa anaangalia mikono yake, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

"Kaa," mama akaniambia, sasa kwa Kishambaa. "Ningekupa wewe lingekuwa msitu, na kima wangehamia. Wewe utabaki na nyumba hii. Hata kaka yako anajua, nimeshamwambia. Mtu wa juu hapa awe mtu wa kusikika."

Nyumba yenyewe ilikuwa inavuja upande wa jikoni. Nikakaa, lakini sikuridhika, na mama aliona sikuridhika. Akamtuma wifi maji ya kunywa, na kaka akatoka nje kuangalia lori ambalo halikuwa na tatizo lolote. Tukabaki wawili.

"Unaniangalia hivyo kwa nini?" akasema. "Nikwambie kitu. Siku ile nimelala pale chini, mwenzio akawa anaita, nikasema moyoni, basi, nimekufa. Nikamwomba Mungu msamaha wa yote. Wewe ulipoita mara moja ukanyamaza, nikaacha kuomba. Nikaanza kuwaza nitavaa nini hospitali."

Alisema hivyo huku anajikuna ukingo wa plasta kwa kijiti, kama mtu anayezungumzia bei ya chumvi. Halafu akanituma nikamtafutie ile khanga yangu ya Mombo, kwa sababu sweta limechafuka.

Nilimpa, nikatoka, nikapanda jabalini. Nilitaka kulia kidogo mahali ambapo hakuna mtu, lakini nilichoka kabla sijaanza. Jua lilikuwa limetoka. Shamba la chini lilionekana lote, kijani, limenyooka juu kama meza, kazi ya mikono ya mtu mwingine, na wivu ukanipanda upya kana kwamba haujawahi kushuka. Nilifikiri: angalau nyumba ni yangu. Halafu nikafikiri: nyumba haichumwi.

Nikasikia hatua. Wifi alikuja akasimama nyuma yangu, akihema, maana hakuzoea ile njia.

"Wifi," akasema, "nifundishe kuita."

Niligeuka. "Umeshachukua shamba. Sasa unataka na koo langu?"

Hakukasirika. Alikaa kwenye jabali, akakumbatia magoti. "Kule kambini kwetu nyumba zinagusana," akasema. "Ukikohoa, wa chumba cha pili anasema pole. Sijawahi kumwita mtu aliye mbali, wifi. Sikujua kwamba inawezekana mtu akaita mara moja halafu akanyamaza, akawa na uhakika namna ile. Mimi nilikuwa nalia, wewe umenyoosha mkono tu. Halafu zile nyundo zikasimama." Akafuta pua kwa kiganja cha kushoto. "Nilikuonea wivu mpaka nikasahau kwamba mama anaumwa. Mpaka leo nakuonea. Nikichuma nakuwaza."

Nimewahi kusifiwa na wanaume, kwa maneno ya kukodi. Nimewahi kuombewa na mchungaji kwa kutajwa jina kabisa. Lakini neno lililoniingia mpaka kwenye nyayo ni hili, kutoka kwa mwanamke mwenye mikono ile, kwamba ananionea wivu. Kwamba anachuma chai ya mama yangu kwa mikono yote miwili na kichwani ananiwaza mimi, mtoto asiye na viatu aliyesimamishwa jabalini kwa sababu alikuwa karibu.

"Umesemaje?" nikamwuliza, na nilikuwa nimesikia vizuri.

Akarudia. Nikamwacha arudie mpaka mwisho. Kisha nikamwambia avue viatu.